Operesheni ya kunyoosha vidole vya mguu: mwongozo kamili wa kuulea mguu, na moyo, hadi siku ya kuvaa viatu

Mara nyingi operesheni yenyewe huenda vizuri. Kinachoharibika huharibika nyumbani, hasa kuanzia wiki ya tatu. Maumivu yamepungua, nyuzi zimetolewa, wageni wameacha kuja, na mgonjwa amechoka kuletewa chai kitandani. Anashuka, anashika ufagio. Jioni mguu umejaa, ngozi inang'aa. Ukimuuliza ilikuwaje, wengi hujibu hivihivi: "Niliona aibu kukaa tu."

Ndiyo maana mwongozo huu hautenganishi mguu na moyo. Ni wa mtu aliyenyooshwa kidole gumba kilicholala juu ya wenzake na kuota nundu pembeni, au vidole vilivyojikunja vikagoma kunyooka. Aliyekufanyia operesheni akikuelekeza tofauti na haya, mfuate yeye, maana ndiye aliyeuona mfupa wako.

## Vya kuandaa kabla ya siku yenyewe

- Mito mitatu au minne migumu. Ile laini inabonyea usiku na mguu unashuka bila wewe kujua.
- Kiatu cha baada ya operesheni, chenye soli bapa ngumu isiyokunjika. Hospitali nyingi za mifupa hukupa au hukuelekeza duka.
- Kiatu cha mguu mzima, yaani ule usiofanyiwa operesheni, chenye kimo hichohicho. Watu hukisahau, kisha wanalalamika kiuno wiki nzima.
- Magongo yaliyopimwa kwa urefu wako. Ukisimama, vidole viwili vipite kati ya kwapa na gongo. Uzito unabebwa na viganja. Ukilalia kwapa, mkono utakufa ganzi.
- Kiti cha plastiki cha kuogea. Kama choo chenu ni cha kuchuchumaa, tafuta cha pili, fundi akikate tundu katikati.
- Mfuko mzito wa plastiki na taulo dogo vya kufunikia bandeji. Ile mifuko ya rambo ilipigwa marufuku, Kenya mwaka 2017 na Tanzania 2019, kwa hiyo usingoje siku ya kuoga ndipo uanze kutafuta.
- Kipimajoto, daftari na kalamu.
- Karatasi ya ED (ya daktari ya kukupumzisha kazi) au barua ya likizo ya ugonjwa yenye muda wa kweli. Anayefanya kazi ya kukaa huhitaji kati ya wiki 2 na 6. Anayesimama kutwa, kama mwalimu, mpishi au muuza duka, huhitaji wiki 8 hadi 12. Ukiomba siku kumi utarudi kazini na mguu usiokuwa tayari.

Kuna andalio moja lisilouzwa dukani. Kaeni wote wa nyumbani, mgawane kazi kwa majina: nani anapika, nani anachota maji, nani anapeleka watoto shule. "Tutasaidiana tu" huisha siku ya nne.

## Hatua ya 1: Usitoke wodini bila majibu haya

Muulize daktari au muuguzi, na uandike papo hapo. Naruhusiwa kukanyaga kwa kisigino, au nisikanyage kabisa? Mfupa umeshikiliwa na skrubu za ndani au pini inayochungulia nje? Nyuzi zinatoka lini? Nahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda? Usiku kukiwa na shida, napiga namba ipi?

Swali la kwanza lina uzito kuliko yote, kwa sababu jibu linategemea mfupa ulikatwa wapi. Jirani yako aliyetembea siku ya pili huenda alifanyiwa kitu kingine kabisa.

Piga picha eksirei yako kwa simu. Utaona kazi yake mbele.

Kurudi nyumbani, panda gari au bajaji, ukae kiti cha nyuma na mguu umenyooshwa juu ya kiti. Bodaboda hapana: mguu unaning'inia, na kidole ndicho kinachotangulia kugonga.

## Hatua ya 2: Siku tatu za kwanza, mguu juu

Mguu juu maana yake kisigino kimepita usawa wa moyo. Kukaa kwenye kochi na mguu juu ya kigoda hakutoshi, maana hapo mguu bado uko chini ya moyo. Lala chali, panga mito kuanzia chini ya goti hadi kisiginoni, goti likunjike kidogo. Ukiweka mto mmoja chini ya kisigino pekee, utaamka kisigino kinauma kuliko kidole.

Wiki mbili za kwanza, katika kila saa moja mguu ukae chini kwa dakika tano hadi kumi tu: choo, sala, kunyoosha mgongo. Uvimbe unavuta nyuzi, unachelewesha kidonda kufunga, na ndio unaoleta yale maumivu ya kupwita usiku.

Kila saa ukiwa macho, pandisha na shusha kifundo cha mguu mara kumi, kama anayekanyaga cherehani, ila tu kama hukukatazwa. Damu isilale kwenye shavu la mguu.

Dawa. Ganzi ya mguuni inaweza kukaa nusu siku hadi siku nzima. Anza dawa ya maumivu kabla haijaisha. Ukisubiri maumivu yafike ndipo umeze, utayafukuza usiku kucha. Kwa mtu mzima mwenye afya, paracetamol ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Soma paketi za dawa za mafua pia, nyingi zina paracetamol ndani. Diclofenac na ibuprofen humezwa baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, shida ya figo au presha asizinunue duka la dawa bila kumuuliza daktari. Tramadol hufunga choo na kuleta kizunguzungu: kula papai, mboga za majani, kunywa maji, na usiende chooni peke yako usiku.

Barafu ifungwe kwenye taulo, iwekwe nyuma ya goti au juu ya bandeji bila kuilowesha, dakika 15 hadi 20. Usiiweke wakati ganzi ingalipo, itakuunguza nawe huna habari.

Utajuaje mambo yako sawa? Vidole vina joto. Ukibonyeza ukucha unakuwa mweupe, ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili. Doa la damu iliyokauka kwenye bandeji lisikutishe. Doa linaloendelea kutanuka, piga simu.

## Hatua ya 3: Kuoga, choo na udhu

Bandeji haitakiwi kulowa mpaka nyuzi zitoke. Funga taulo dogo juu ya kifundo, vuta mfuko juu yake, ufunge kwa mpira au kitambaa, usikaze mpaka vidole vife ganzi. Kaa kwenye kiti, mguu uwe nje ya beseni juu ya kigoda, ujimwagie kwa kopo. Ikilowa hata kidogo, usiianike juani. Nenda ikabadilishwe.

Choo cha kuchuchumaa ndicho hatari kubwa katika nyumba zetu. Ukichuchumaa, uzito mwingi unahamia mbele ya unyayo, palepale mfupa ulipokatwa. Tumia kile kiti chenye tundu mpaka wiki ya sita.

Muislamu anaruhusiwa kupangusa juu ya bandeji kwa mkono wenye unyevunyevu badala ya kuosha mguu, na kuswali amekaa kitini. Kama unyevu nao unadhuru, muulize shehe wako kuhusu kutayamamu. Kusujudu chini na vidole vimekunjwa kusubiri.

Ngazi: kupanda, mguu mzima kwanza, kushuka, mgonjwa kwanza.

## Hatua ya 4: Siku ya tatu hadi ya kumi, machozi na wageni

Katika siku hizi wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Sababu zipo: usingizi umekatikakatika, dawa kali zinavuruga tumbo na kichwa, na mtu aliyezoea kuhudumia wengine ghafla analetewa maji ya kunawa. Mwambie mmoja wa nyumbani mapema: "Nikilia usiogope, kaa tu na mimi."

Kila jioni andika mstari mmoja kwenye daftari: maumivu (0 hadi 10), uvimbe (umepungua, uleule, umeongezeka), moyo (0 hadi 10). Ukiona moyo umeshuka siku ile ile mguu ulipokaa chini muda mrefu, umeshajua cha kufanya kesho.

Sasa wageni. Wanakuja kukupa pole, nawe unainuka kuwapokea. Kumwamkia mkubwa ukiwa umelala kunakuchoma, najua. Sema maneno yaleyale kila mara: "Shikamoo mama, karibu. Unisamehe siinuki, daktari amenikataza kushusha mguu." Mlaumu daktari, ndiyo kazi yake.

Kwa anayesema "kwani si kidole tu?", mwonyeshe ile picha ya eksirei. Mfupa uliokatwa na skrubu ndani yake hunyamazisha mjadala haraka kuliko maelezo yako yote.

Onyo kuhusu kukandwa. Bibi, shangazi au mama mkwe atafika na beseni la maji ya moto na chumvi. Ni upendo, lakini usikubali. Joto linaongeza uvimbe, na maji yanapeleka vijidudu kwenye kidonda kisichofunga. Ukikataa hivihivi atanuna, kwa hiyo mpe kazi nyingine: "Bibi, nikande mabega, magongo yameniua." Mabega yanauma kweli, naye anaondoka ameridhika.

Majivu, dawa ya meno, asali ya dukani, spiriti, unga wa vidonge vya antibayotiki: hakuna kinachopakwa bila kuagizwa.

## Hatua ya 5: Kidonda na nyuzi

Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14, wakati mwingine zaidi kwa mwenye kisukari. Bandeji ya hospitali usiifungue mwenyewe. Ile namna ilivyozungushwa ndiyo inayokishika kidole mahali pake, si urembo.

Siku ya kufunguliwa, jiandae kwa sura ya mguu. Utaona ngozi kavu inayobanduka, michubuko ya zambarau au ya njano, kidole kinene kama si chako. Wengine hugeuza uso ukutani. Huna lazima ya kuangalia siku hiyo. Mwombe uliyeambatana naye apige picha, utaiangalia ukiwa tayari. Ila kufikia wiki ya tatu uwe umeuangalia na umeugusa, kwa sababu anayeuogopa mguu wake hauoni unapoharibika.

Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara zaidi kipindi hiki. Sukari iliyopanda inakizuia kidonda kufunga. Sigara nayo inachelewesha mfupa kuunga, hata zile mbili za kujificha nyuma ya nyumba.

### Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona

- Usaha, harufu mbaya, homa ya nyuzi 38 au zaidi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri: tafuta joto, ngozi kung'aa na kuiva rangi, na maumivu yaliyokuwa yakipungua kisha yakapanda.
- Shavu la mguu kuvimba, kuwa la moto na kuuma. Damu inaweza kuwa imeganda. Kifua kikibana au pumzi ikikata, ni dharura ya dakika hiyo.
- Kidole kuwa baridi, cheupe au cheusi.
- Pini kuchomoza zaidi au kulegea. Usiirudishe ndani. Funika kwa gozi safi, nenda.
- Huzuni ya kutwa nzima kwa wiki mbili, kukosa usingizi hata bila maumivu, kutotaka kuona mtu. Mwambie daktari kama unavyomwambia habari za kidonda. Wazo la kujidhuru likikujia, mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali siku hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Wiki ya tatu hadi ya sita, hapa ndipo wengi wanapoanguka

Mfupa uliokatwa huanza kuunga kwa tishu laini, kisha hukomaa polepole, kwa kawaida ndani ya wiki sita hivi. Skrubu na pini zinaushikilia tu wakati huo. Hazikutengenezwa kubeba mwili. Maumivu yanaisha mapema kuliko mfupa unavyounga, na hapo ndipo mguu unapokudanganya. Kila ukikanyaga kwa mbele unausukuma mfupa kutoka pale daktari alipouweka. Mara moja huenda isitokee kitu. Siku kumi mfululizo, kidole kinaweza kurudi kupinda.

Kwa hiyo: kiatu kigumu kila unaposhuka, hata hatua tatu za kwenda dirishani. Kama umeruhusiwa kukanyaga, tua kwa kisigino, hatua fupi, vidole visisukume ardhi. Usiendeshe gari mpaka uweze kukanyaga breki ghafla bila kusita. Kwa mguu wa kulia hiyo huwa wiki ya sita hadi ya nane.

Aibu ya kukaa haiondoki kwa kuambiwa "pumzika". Inaondoka ukiwa na kazi. Hama chumbani mchana, uletewe godoro sebuleni, mahali maisha ya nyumba yanapopita. Chambua mchele, kata mboga, sahihisha madaftari ya watoto, piga hesabu za duka, wapigie wadaiwa simu. Kazi ya mkono mguu ukiwa juu ya mto ni kazi kamili. Mama wa nyumba akirudishiwa mamlaka ya jiko kwa mdomo tu, "vitunguu viive kwanza, nyanya baadaye", uso wake hubadilika.

Hasira pia zitakuwepo. Utamfokea aliyeleta uji wa baridi, kisha usiku ujutie. Omba radhi mapema, kabla hayajaota mizizi.

Wenye ndoa: hakuna katazo la tendo lenyewe mara maumivu yakitulia, sharti ni mguu usibebe uzito wala kubanwa. Zungumzeni. Mwenzako huenda anajitenga kwa kuogopa kukuumiza, nawe unadhani amechukizwa na mguu.

Halafu majuto. Wiki ya nne au ya tano mtu huutazama mguu, umevimba, mgumu, anasema "bora ningeuacha". Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea miezi sita hadi mwaka mzima, na hilo ni la kawaida. Piga picha siku moja kila wiki, saa ileile, pembe ileile. Jana na leo huoni tofauti. Wiki ya pili na ya sita utaiona.

Utajuaje mambo yako sawa? Asubuhi mguu ni mdogo kuliko jioni. Ukiinua kwa nusu saa uvimbe unashuka. Kila wiki unavumilia kushuka kidogo zaidi.

## Hatua ya 7: Pini, eksirei, mazoezi

Pini hutolewa wiki ya nne hadi ya sita, kliniki, mara nyingi bila ganzi. Wengi hawalali usiku wa kuamkia siku hiyo. Inachukua sekunde chache: unahisi kitu kikivutwa, kisha basi. Pumua nje taratibu inapovutwa, na usiangalie kama damu inakupa kizunguzungu.

Eksirei ya wiki ya sita ndiyo inayokupa ruhusa ya kukanyaga kwa mbele. Kalenda peke yake haitoshi.

Mazoezi ya kidole yaanze pale tu daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anaposema. Kwa wengine ni wiki ya pili, kwa wengine ya sita. Shika kidole karibu na fundo lake, si nchani, kipandishe taratibu mpaka kivute, hesabu kumi, kishushe. Mara kumi, asubuhi na jioni. Baadaye tandaza kanga sakafuni uikokote kwa vidole. Kuvuta ni sawa. Maumivu makali yanayobaki hadi kesho yake maana yake umezidisha.

Kovu likishafunga kabisa, bila gamba wala unyevu, lisugue kwa mafuta ya nazi au vaselini dakika tano, mara mbili kwa siku. Linalainika, na ganzi au hali ya kuwashwa huanza kupungua. Kama ngozi yako huota makovu yanayonenepa, sema mapema.

## Hatua ya 8: Viatu

Viatu vya kawaida huanza kati ya wiki ya 6 na ya 12, na jozi ya kwanza iwe ya raba pana za kamba. Kandambili zisubiri: ule mkanda unasukuma kidole gumba, na ili zisikutoke unavikunja vidole. Kama ni lazima viatu vya wazi, chukua sandali zenye mikanda mipana na kishikio nyuma ya kisigino. Visigino virefu na michezo ya kukimbia huwa miezi mitatu hadi sita, na vya ncha kali ndivyo vinavyozidi kuvibana vidole, kwa hiyo fikiri mara mbili.

Ukienda mitumbani fanya hivi. Jioni, mguu ukiwa umejaa, simama juu ya kipande cha boksi, mtu akuchore unyayo kwa kalamu iliyosimama wima. Ongeza sentimita moja mbele ya kidole kirefu, ukate. Sokoni ingiza boksi ndani ya kiatu. Likikunjika pembeni, kirudishe hata kama muuzaji anakuapia kwamba kitatanuka.

Siku ya kwanza vaa saa moja nyumbani. Vua, angalia ngozi. Alama inayopotea kabla ya nusu saa haina shida; isiyopotea, kiatu hicho si chako. Ongeza saa moja kila siku.

Kidole huenda kisiwe kizuri kama ulivyoota. Kinaweza kuwa kigumu kidogo, kifupi kidogo, na kovu lipo. Pima kwa maswali haya: unatembea hadi sokoni bila kusimama? Kiatu hakikuchubui? Umelala bila kupwita? Rangi ya kucha ruksa, kidonda kikishafunga na pini zikishatoka.

Wenye shida miguu yote miwili huuliza lini wa pili. Usipange tarehe mpaka wa kwanza ukubebe kutwa nzima bila gongo na bila kuchechemea, kwa kuwa wakati wa zamu ya pili ndio huo utakaosimamia.